Sumaku ya dainamo ya baba

Dainamo ya baiskeli ya marehemu baba, kile kifaa cha kuwashia taa, ilikuwa ndani ya mkebe wa misumari, juu ya kabati, nyumbani kwetu Majengo, Mombasa. Jumamosi nimeiloweka mafuta ya taa, na Jumapili baada ya chai nikalikunjua bamba la chini kwa bisibisi, polepole, maana ni bati na bati halisamehi. Mtoto wa kaka yangu, wa darasa la sita, alikuwa ameniegemea begani.

Ndani mna vitu viwili tu vya maana: koili ya waya wa shaba, na katikati yake sumaku nyeusi ya umbo la mche duara, nene kama kidole gumba changu. Sumaku ndiyo inayozunguka. Kichwa chenye meno kikiguswa na tairi, huizungusha ndani ya koili, na taa ya mbele inawaka.

Taa ile naijua. Baba alikuwa akipeleka mikate Changamwe alfajiri, na wakati wa likizo alinipakia kwenye keria juu ya gunia. Kwenye tambarare ilikuwa ikimulika mpaka kando ya barabara. Tukishavuka Makupa na kuanza kupanda, mwanga ulikuwa wa manjano, kisha mwekundu, na baba akishuka kuisukuma baiskeli kilikuwa kiza kitupu. Nilidhani taa inachoka.

Kijana akauliza swali zuri: "Ami, kaskazini yake iko wapi?" Shuleni wamechorewa sumaku ya mche, nusu nyekundu, nusu buluu, ncha moja kila upande. Ninayo nyingine ya mche duara, ya neodimiamu (metali ya sumaku kali), nyeupe inayong'aa, na hiyo inafuata mchoro: msumari unang'ang'ania nyuso mbili bapa za mwishoni, na ubavuni katikati hauna hamu. Ya dainamo ni kinyume. Msumari ulishika ubavuni, ukaachia, ukashika tena kadiri tulivyoigeuza.

Nikaenda kwa fundi wa mageti jirani kuomba vumbi la chuma chini ya grainda yake. Sumaku tukaifunga nailoni kwanza (bila nailoni vumbi lile hulitoi maisha), tukainyunyizia. Vumbi likasimama ubavuni kama nywele, mistari minane iliyonyooka kutoka juu hadi chini. Ncha nane! Kaskazini, kusini, kaskazini, kusini, kuizunguka yote.

Hapo ndipo nilipofurahi kweli. Umbo la sumaku halikwambii ncha ziko wapi. Ndani yake mna maeneo madogo mno, kila moja ni kama kijisumaku chenye mwelekeo wake, na kiwandani hupangwa kwa kupigwa na uga wa sumaku wenye nguvu kutoka kwenye koili kubwa. Mpangaji ndiye anayeamua: aelekeze ncha mwishoni, au azipange ubavuni kama hii. Kwa dainamo ubavuni ndiko kwenye faida, kwa sababu koili hutoa umeme pale tu usumaku unaoipitia unapobadilika. Ncha nane maana yake mzunguko mmoja unabadilisha mara nane. Michael Faraday alilionyesha jambo hili London mwaka 1831, na jenereta kubwa za mabwawa ya Tana zinafuata kanuni hiyo hiyo.

Hii nyeusi ni feraiti, unga wa oksidi ya chuma uliochanganywa na madini mengine na kuchomwa kama chungu. Haishiki kutu, kwani chuma chake kimeshaungana na oksijeni. Neodimiamu ina nguvu zaidi sana, lakini kwa hewa yetu ya chumvi ni mgonjwa. Moja niliisahau dirishani, ganda lake la nikeli likapasuka pembeni, ndani ikawa unga. Zikirukiana hupasuka na vipande huruka machoni. Na wenye watoto wadogo nawasihi: zile ndogo za kuchezea msiziweke kabisa nyumbani. Mtoto akimeza mbili, hutafutana tumboni na kuubana utumbo katikati mpaka utoboke.

Sasa lile lililonifanya niandike. Kila wiki natumiwa video kwenye WhatsApp ya sumaku zinazozungusha feni bila umeme, "nguvu ya bure". Watu wazima wananiuliza wanunue wapi. Jibu langu nilimwonyesha kijana kwa kipande cha bomba la shaba, nusu mita, alichonipa fundi wa friji. Shaba haivutwi na sumaku. Vijana wa vyuma chakavu huitambua kwa njia hiyo hiyo. Tukalisimamisha bomba, tukadondosha kipande cha msumari: tap, kimefika. Tukadondosha neodimiamu, ambayo inapita humo kwa nafasi bila kugusa. Tukahesabu moja, mbili, tatu, nne, ndipo ikatokeza chini, taratibu kama inashuka ngazi.

Inaposhuka inaamsha umeme ndani ya shaba, na umeme ule unajenga usumaku wake wa kuizuia. Heinrich Lenz aliliandika hilo mwaka 1834: mkondo unaoamshwa hupinga mwendo uliouamsha. Ukitaka umeme kutoka kwenye sumaku lazima kitu kiisukume, na kitaona uzito. Sumaku yenyewe haitoi chochote mfukoni mwake. Ndiyo maana hii ya baba, baada ya miaka yote ile ya mikate, bado inashika msumari: haikuwahi kutumika. Kilichotumika ni miguu yake.

Jioni tukairudisha mahali pake, tukaipindua baiskeli ya kijana juu chini uani, tukaifunga dainamo kwenye uma wa mbele. Akazungusha gurudumu kwa mkono, taa haijaunganishwa, likaenda vizuri. Nikagusisha waya. Taa ikawaka ukutani, na mkono wake ukapunguza mwendo wenyewe.

"Ami, mbona imekuwa nzito?"

Nikautoa waya, nikaurudisha, nikautoa. Alizungusha mpaka adhana ya magharibi, kila mara akinyoosha kidole kabla yangu kusema sasa nzito, sasa nyepesi. Kisha akauliza kutoka hapa hadi Changamwe ni kilomita ngapi.