Picha ilishuka mstari kwa mstari

Kabla NOAA-19, setilaiti ya hali ya hewa ya Marekani, haijastaafishwa mwaka 2025, niliwahi kuipokea picha yake mimi mwenyewe. Antena ya waya, kompyuta, kisha ile sauti: tik-tok, tik-tok, mistari 2 kila sekunde kwenye megahezi 137.1. Mawingu yakaanza kujichora kwenye skrini. Baada ya dakika kama 12 setilaiti ikazama upeoni, picha ikageuka chenga tupu. Sikujali, nilikuwa nacheka peke yangu kama mtoto.

Hapo ndipo nilipoacha kudhani kila setilaiti ni kamera ya ulinzi inayorusha kila kitu moja kwa moja. Chukua Landsat 8, setilaiti ya Marekani inayopiga picha za ardhi: iko kilomita 705 juu, na sehemu kubwa ya safari yake haioni kituo chochote cha kupokea. Basi inazihifadhi picha kwenye kinasa chenye nafasi ya terabiti 3.14 (biti jamani, si baiti, nilichanganya hapo kwa muda mrefu), halafu ikikiona kituo inazimwaga chini kwa megabiti 384 kwa sekunde. Dakika chache tu, imeshapita.

Ndiyo maana Svalbard, kaskazini ya mbali ya Norwei, kumejaa antena. Setilaiti zinazopita karibu na ncha za dunia huonekana pale karibu kila mzunguko.

Ila kilichoniacha hoi ni Wamarekani wa miaka ya 1960: setilaiti zao za ujasusi zilidondosha filamu yenyewe ya picha kutoka angani kwa parachuti, ndege ikaidaka hewani!