Simu niliiacha mfukoni, watu nikawapata Feri

Nikimsikia tena mtu anamwambia mchoraji kijana "piga picha kwa simu, ukachore nyumbani kwa raha zako", nitamnyang'anya hiyo simu. Ushauri huo nilipewa na watu wenye vyeti vyao, nikaufuata. Pale Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, ukiinua simu tu kijana anatunisha kifua, mama anavuta kanga usoni, mwingine anauliza, "Kaka, unatulipa shilingi ngapi?" Hata picha uliyobahatisha, ukija kuichora, mkono umeganda hewani kama wa mtu anayekamatwa.

Sasa naenda na daftari la bei chee na kalamu ya biki. Penseli hapana, ukiwa na ufutio utafuta mpaka samaki waishe. Nakaa kwenye benchi la mama lishe, naagiza chai na chapati (usikae bure, atakufukuza, na ni haki yake), nawageukia wanaopara samaki.

Simfukuzii mtu. Anayepara anainama, anakwangua magamba toka mkiani kwenda kichwani, anamgeuza samaki, ananyoosha kiuno, anafuta jasho kwa bega maana viganja vimejaa magamba. Halafu anaanza upya. Basi ukurasa mmoja naanzisha vichoro vinne vitano, kila pozi na chake. Akiinama naongeza mgongo. Akijinyoosha nahamia kile cha kiuno. Akiondoka, jirani yake yumo kwenye pozi lile lile, namkopa bega. Na uso usiutangulize! Anza na mguu uliobeba uzito, nyonga imepanda upande huo, bega limeshuka.

Mchoraji Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, mwaka 1956 aliwachora wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, na mchoro huo ukafika hadi Museum of Modern Art, New York. Simu alikuwa nayo?

Nikirudi nyumbani kupaka rangi, ngozi siitii nyeusi ya kopo. Nachanganya kahawia iliyoiva na buluu, na pale jua la saa sita linapogonga paji na bega naweka buluu nyepesi ya mbingu. Watu hubisha mpaka waone.

Kijana mmoja alipojiona daftarini alilalamika jambo moja tu: nimemnyima saa yake ya mkononi. Nikaichora palepale, kubwa kuliko aliyovaa. Vibua vyangu siku hiyo vikaparwa bure.