Hao 58 wengine

Wiki hii Fauzia kaposwa, Baba kapewa tarehe ya kufanyiwa jicho, na kozi ya walimu wa sayansi ya likizo ya Agosti, ninakofundisha, imefungwa kwa picha na vyeti. Mimi usiku nasikia sauti moja tu, ya yule mwalimu mshiriki, mzee wetu wa Likoni.

Ilikuwa Jumanne, kipindi cha asidi na besi cha Gredi ya 7. Mkufunzi mwenzangu alikionyesha vizuri: mirija ya kioo, karatasi za litmasi, meza 6, walimu 4 kila meza. Mzee akainua mkono.

“Mwanangu, hapa tuko 24. Kwangu darasani wako 82. Hao 58 wengine niwaweke wapi?”

“Wagawe makundi, mwalimu.”

“Makundi nayagawa tangu wewe hujazaliwa. Nakuuliza vifaa.”

Akafunga daftari, polepole, bila hasira. Somo likaendelea. Nakuuliza vifaa. Naisikia nikiosha vyombo, naisikia kwenye feri.

Kinachoniuma ni kwamba swali lake ndilo kiini cha kozi hizi. SMASSE, mradi wa Kenya wa kuimarisha hisabati na sayansi sekondari, ulipoanza mwaka 1998 kwa msaada wa Wajapani, walimu wa hisabati na sayansi walifundishwa nguzo nne: shughuli, mwanafunzi kuwa katikati, majaribio, na kubuni vifaa kwa kilichopo. Mafunzo huteremka kwa ngazi, kutoka CEMASTEA, kituo cha taifa cha mafunzo ya walimu wa hisabati na sayansi kule Karen, Nairobi, hadi kwa wakufunzi wa kaunti, kisha kwa mwalimu wa darasani. Kwa nionavyo, kila ngazi inapoteza kitu, na cha kwanza kupotea ni hiyo nguzo ya nne. Kubuni kunataka muda wa kujaribu, na saa zikibana, muda wa kujaribu ndio unaokatwa na maelezo ya ubaoni yanabaki. Mwalimu anarudi na daftari limejaa na mikono mitupu.

Basi nimekaa nikapiga hesabu ya 82. Makundi 10: manane ya watoto 8, mawili ya watoto 9. Kila kundi vifuniko 5 vya soda, jumla 50, na muuza soda yeyote atakupa bure. Kila kifuniko matone 10 ya kinachopimwa na matone 5 ya kiashiria, yaani maji ya rangi yanayogeuka kuonyesha asidi au besi. Hayo ni matone 250 ya kiashiria kwa darasa zima, na matone 20 ni takriban mililita 1, kwa hiyo hata mililita 15 hazifiki. Tengeneza 50, kwa sababu watoto watamwaga.

Kiashiria chenyewe ni petali za maua kama 12 ya haibiskasi nyekundu, zipondwe kwenye kinu kidogo na mililita 50 za spiriti ya hospitali isiyo na rangi. Ile ya rangi itawachanganya watoto. Chuja kwa kitambaa, maana petali hizi zina utelezi. Ndimu na siki huipeleka kwenye wekundu wa waridi, maji ya sabuni ya unga na maji ya chokaa huipeleka kwenye kijani. Itengenezwe asubuhi ile ile. Kwa joto letu ikilala siku kadhaa hupauka. Na hapo darasani pasiwashwe moto, spiriti hushika haraka.

Wengi hukwamia kwenye bogenvilia, kwa kuwa imejaa kila ua wa Mombasa. Wanaiponda, wanaitia ndimu, rangi haisogei, na mwalimu anaambiwa jaribio limekataa. Jaribio halina kosa. Rangi ya bogenvilia ni ya jamii ya betalaini, na ya haibiskasi ni anthosianini. Betalaini haigeuki kwa asidi ya ndimu kama anthosianini inavyogeuka.

Kosa jingine ni maji. Kifuniko cha tano ni cha maji matupu ya kulinganishia, na mtu huchota ya kisima. Visima vyetu vimechimbwa kwenye jiwe la matumbawe, maji yake yamebeba chokaa. Tumia ya chupa.

Nilipomaliza hesabu hiyo nikawa bado na kinyongo, mpaka nikamkumbuka Mzee siku ya Ijumaa, kila mmoja alipotakiwa kufundisha dakika 10. Alisimama bila karatasi. Alikuwa na kitambaa cheupe chenye doa la mchuzi na kipande cha sabuni. Akalilowesha doa, akasugua, na ile njano ya bizari ya manjano ikawa nyekundu ya kahawia mbele ya macho yetu. Akakamulia ndimu, njano ikarudi. “Kila mama anayefua kanzu Mji wa Kale ameliona hili,” akasema. “Kwangu mimi watoto 82 watakuja kila mmoja na kitambaa chake.”

Mwalimu mmoja wa Kisauni akauliza kama ukwaju nao utafaa badala ya ndimu. Utafaa, lakini uchujwe na kuzimuliwa, la sivyo ukahawia wake utafunika rangi. Tukabishana juu ya ukwaju hadi kengele ya chakula ikalia. Nimefurahi ninavyoandika haya, jamani, nimefurahi kweli. Kozi ya Desemba nitaomba vyumba viwili viunganishwe, washiriki wakae 80, na vifaa viwe vifuniko tangu siku ya kwanza.

Ila Swaleh, mtoto wetu hapa nyumbani, anakohoa tangu juzi, na usiku huu kifua kinapiga filimbi. Mvuke tumempa, dawa ya mafua tumempa. Zahanati ya karibu haifungui Jumapili, na mama yake yuko zamu hadi asubuhi.