Mlio wa Vikombe Mlimani Mazeras

Jana baada ya magharibi muuza kahawa alipita chini ya dirisha letu, dele mkono mmoja, na mkono wa pili akigonganisha vikombe viwili kwa vidole: tiki-tiki-tiki, mlio mkavu, mwepesi, wa haraka. Nilikuwa jikoni nakata vitunguu. Mguu wangu wa kulia ukajiinua wenyewe sakafuni, kama wa mtu anayeachia mafuta.

Miaka inakaribia ishirini na mguu bado unakumbuka.

Ni ile gari, Toyota Levin nyeupe. AE92, lita 1.6, injini ya 4A-GZE yenye supachaja, ile pampu inayoshindilia hewa injini, niliyoifuata Nairobi mwaka 2007 na kurudi nayo Mombasa peke yangu, huku nimemwambia mama kwamba ninakuja kwa basi. Aliyeniuzia alikuwa ameifanyia mambo. Puli ya kranki ya kiwandani, lile gurudumu linalovuta mkanda, aliitoa akaweka kubwa zaidi, ili mkanda uizungushe supachaja kwa kasi zaidi na supachaja ishindilie hewa nyingi zaidi. Kule Nairobi gari ilikuwa inaruka kama swala. Athi River, Sultan Hamud, Emali, hakuna neno. Makindu nilikunywa chai. Mtito Andei joto likaanza. Nimeshaipita Voi, nikafika Maungu, nikataka kulipita lori la makontena. Nikakanyaga mafuta nikiwa gia ya tatu, taa ya supachaja ikawaka kwenye dashibodi, na ndani ya ule mvumo wake nikasikia mtu anagonganisha vikombe vya kahawa. Nikaachia. Kimya. Nikakanyaga tena. Tiki-tiki-tiki.

Fundi wa kando ya barabara pale Mariakani alisikiliza kwa dakika moja tu. "Hii inanoki, dada. Beringi za konrodi hizo, vile vyuma vinavyoshika pistoni na kranki. Ukiendelea nayo itatoboa bloku." Kila mwenye gari anajua uzito wa neno hilo. Injini iliyonoki ni maiti, na akiba yangu ya miaka minne ilikuwa chini ya boneti ile. Kilomita zilizobaki nilikwenda mwendo wa mkokoteni hadi gereji ya mjomba, Changamwe.

Mjomba ndiye aliyenifundisha kusikiliza. Nilikuwa na miaka tisa alipoanza kunishikisha bisibisi yake ndefu, ncha kwenye injini, mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, kisha akaniuliza, "Inasema nini?" Vali iliyolegea ina sauti yake, beringi ya oltaneta ina yake, pampu ya maji inayokaribia kufa ina yake. Watu walimletea magari kutoka Kilifi na Ukunda, si ayatengeneze, ayasikilize tu, halafu wakatengenezewe na mafundi wao.

Nikamwamkia, akaitikia, akaipasha injini moto. Akaipitia bloku nzima kwa bisibisi huku amefumba macho. Akachomoa nyaya za plagi moja baada ya nyingine, kwa sababu beringi ya konrodi ikiharibika, mlio wake hupungua pale silinda yake inapoacha kuwaka. Hakuna kilichobadilika.

"Chini ni salama," akasema. "Beringi mbovu hugonga ngo, ngo, kama mchi kwenye kinu. Hapa hakuna anayetwanga." Nilikaribia kulia kwa furaha. "Haya, twende tukaisikilize ikiwa na mzigo."

Mlima wa Mazeras saa nane mchana. Malori yaliyotoka bandarini yanapanda kwa gia ya kwanza, lami inatoa mvuke, na upande wa kushoto ukingo uliochongwa unarudisha kila sauti. Mjomba alikaa kushoto kwangu, kioo kimeshushwa, kofia yake ya viua ameiweka mapajani. Akainamisha kichwa hadi karibu kugusa dashibodi. Gia ya tatu, mizunguko 3,000, nikakanyaga hadi chini. Taa ikawaka, supachaja ikavuma, na mlio ukaja wazi kuliko ulivyokuwa Maungu.

"Huo, Mjomba."

"Upi?"

"Huo unaolia sasa hivi. Kama vikombe."

Akainua kidole ninyamaze. Nikaachia mafuta, nikakanyaga tena. Tiki-tiki-tiki-tiki. Nilikuwa nauhisi kwenye meno, maana sasa nilijua si beringi, na kama si beringi basi kila tiki ni pigo juu ya kichwa cha pistoni.

"Supachaja naisikia," akasema. "Ekzosi naisikia. Huo mwingine uko wapi?"

Mara ya tatu nilimtazama kwa pembe ya jicho. Mkono wake wa kushoto alikuwa ameukunja nyuma ya sikio. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo. Ni jambo wanalofanya wazee msikitini hotuba ikiwa ya chini. Midomo yake ilikuwa wazi kidogo, pumzi ameibana, na usoni mwake hapakuwa na ile hali ya fundi anayetafuta. Alikuwa anasubiri, kama mtu aliyebisha hodi akajua wenyewe wamo ndani. Kando ya barabara kijana aliyekuwa akiuza madafu aligeuka na kuitazama boneti yetu tulipompita. Yeye aliusikia.

"Sisikii kitu, mwanangu."

Alilisema polepole, akaegemea kiti. Sikujibu. Nikaendesha hadi mahali pa kugeuzia, nikageuza.

Nimeyasoma mengi baadaye. Silinda ya injini ile ina kipenyo cha milimita 81, na moto ukilipuka vibaya ndani ya chumba cha upana huo, hewa hutetemeka karibu mara 7,000 kwa sekunde. Ndiyo maana kuna sensa iliyofungwa kwenye bloku kuusikiliza mtetemo wa namna hiyo, na ikiusikia, kompyuta huchelewesha cheche kidogo, ingawa kuchelewesha huko kuna mpaka. Nimesoma pia kwamba sikio lililoishi miaka mingi na nyundo na mashine za kusaga chuma hupoteza kwanza sauti za juu. Ile ngo, ngo nzito hubaki. Kwa hiyo aliposema chini ni salama, alikuwa amesikia kweli na alikuwa na haki ya kuwa na uhakika.

Siku ile sikujua lolote kati ya hayo. Nilijua tu kwamba siwezi kumwambia. Tulipofika gereji nikasema labda tuzitazame plagi.

Tukazitoa zote nne, nikazipanga juu ya gazeti. Kwenye kauri nyeupe ya plagi ya tatu palikuwa na vitone vyeusi vidogo sana, kama pilipili manga iliyosagwa, na kati yake viwili vinavyometa. Mjomba akavaa miwani, akatoka nayo juani, akaigeuza na kuigeuza. Vile vinavyometa vilikuwa aluminiamu ya pistoni yangu.

"Macho bado ninayo," akasema. Hakunitazama aliposema, na hadi leo sina hakika kama alikuwa anazungumza nami.

Kuanzia hapo alikuwa mjomba yule yule. Petroli ya pembeni ya silinda, akaeleza, inajiwasha yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia, na milipuko miwili inakutana ndani ya chumba kimoja. Akafungua mabomba ya intakula, kile kipoza hewa ya supachaja, kidole chake kikatoka kimelowa oili. Mvuke wa oili ukichanganyika na petroli unaipunguzia uvumilivu. Kisha akaishika ile puli kubwa, akaipima kwa kiganja. "Huyu bwana aliitengenezea Nairobi," akasema, na palepale nikaelewa. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na shindikizo la hewa yake ni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko letu. Puli ile ile, kasi ile ile, lakini huku pwani supachaja inameza hewa nzito zaidi na yenye joto zaidi, na inaishindilia yote silindani. Kadiri nilivyoteremka kuelekea nyumbani ndivyo nilivyokuwa nikiipa injini mzigo ambao petroli yetu haikuuweza.

Puli ya kiwandani tuliipata kwa wauza vipuri vya zamani. Intakula tuliiosha kwa petroli mara mbili. Plagi tukaweka za baridi zaidi kwa hatua moja, yaani zinazopoteza joto upesi zaidi. Siku nne zikaisha.

Mjomba alitutoka mwaka 2016 na hatukuwahi kulizungumza. Wakati mwingine nasema ilikuwa adabu. Wakati mwingine nafikiria vijana wake wa gereji, waliokuwa wakimsubiri aseme "hakuna kitu" ndipo gari litoke, na naona kwamba palikuwa na watu barabarani waliostahili mimi niseme. Mkewe aliniambia baada ya arobaini kwamba nyumbani redio ilikuwa juu kwa miaka mingi. Hakusema mingapi, nami sikuuliza.

Siku ya tano tulirudi Mazeras. Saa ile ile, malori yale yale. Gia ya tatu, mizunguko 3,000, nikakanyaga hadi chini. Safari hii mjomba hakuinamia dashibodi. Alikaa upande, mgongo ameuegemeza mlangoni, akawa ananitazama mimi usoni. Supachaja ikavuma. 3,500. 4,000. Hakupepesa. Nikatambua kwamba ananisoma mimi, kama alivyoisoma ile plagi.

Karibu na kilele, mshale ukigusa 5,000, nikaisikia. Tiki. Moja tu.

Nikauacha uso wangu ulivyokuwa, nikauinua mguu polepole sana.

"Imenyamaza?"

"Imenyamaza, Mjomba."

Akaichukua kofia yake mapajani, akaivaa. "Geuza turudi. Alasiri inatupita."