Wazazi, waacheni waukokote mpira

Watoto ninaowafundisha hapa Uyole wana miaka mitano, sita hivi. Umri huo mpira ukienda pembeni wote wanaufuata kama nyuki, nami siwakatazi. Kinachoniumiza ni sauti za wazazi: "Butua! Toa hiyo!" Mtoto akisikia hivyo anabutua tu ili asigombezwe, wakati mimi nataka aukokote, anyang'anywe, aufuate tena.

Ndiyo maana nawachezesha wanne kwa wanne, bila kipa, magoli ni mawe. Hapo kila mmoja anaugusa mpira mara nyingi. Na mpira uwe namba 3 jamani. Namba 5 ni wa wakubwa, unaumiza mguu mdogo, hasa asubuhi za Julai na baridi yetu hii ya Mbeya.

Kuna binti alikuwa anasimama tu, mikono ndani ya sweta. Sikumlazimisha. Nilimpa mpira wake peke yake nikamwambia, "Mwanangu, upeleke mpaka kwenye ule mti." Akaenda taratibu, akiusukuma kwa ncha ya raba. Juzi kampiga chenga kaka yake! Mama yake akapiga vigelegele, na goli wala halikuingia. Shangilieni namna hiyo.

Jumamosi tunaanza saa tatu asubuhi. Mleteni na maji ya kunywa.