Zapfino kwenye kadi ya sendofu

Jana nimedizaini kadi ya sendofu ya binti wa jirani nikaijaza Zapfino yote, ile fonti ya Mjerumani Hermann Zapf ya 1998, mikia mirefu balaa yani kama mtu kaandika kwa kalamu ya wino. Mama mtu kaiangalia weee, akaniuliza "mwanangu, ukumbi uko wapi hapa?" Nilicheka ila kweli hata mi sikuuona 😂 Basi nikabakiza jina la bibi harusi tu, kubwa, nikaachia nafasi juu na chini mikia ipumue, tarehe na ukumbi nikaweka herufi za kawaida. Na msije mkaandika nayo herufi kubwa tupu, inakuwa seng'enge.