Orodha ya watu wanane niliyoombwa kuiandika

Mimi ni mhasibu wa hoteli moja ya ufukwe wa mashariki, Unguja. Masika ikiingia wageni hupungua, mapato yakashuka, na ofisi kuu iliyoko Dar es Salaam huuliza tupunguze wapi. Mwaka ule jibu walikuja nalo wenyewe: niandike majina ya wafanyakazi wanane wa kuachishwa. Wengi wao wangekuwa akina mama wa usafi wa vyumba na vijana wa jikoni.

Nilimwomba meneja anipe muda nimletee hesabu nzima kwanza. Mishahara hukatwa mwanzo kwa sababu imekaa mstari mmoja na kila mkubwa anaiona. Upotevu umetawanyika kwenye bili nyingi. Nikapita stoo, jikoni na chumba cha jenereta. Bafe la asubuhi lilikuwa linapikwa kana kwamba hoteli imejaa, chakula kingi kikamwagwa. Umeme ukikatika liliwashwa jenereta kubwa, na wageni wenyewe wako jengo moja tu, lile jenereta dogo lingetosha. Viyoyozi vinanguruma kwenye vyumba vitupu. Mashuka yanapelekwa kwa dobi wa nje na mashine zetu zipo, nzima.

Kisha nikakaa na wafanyakazi. Mkuu wa usafi, mama mtu mzima aliyeona wenzake wakirudi kulima mwani mwaka 2020 corona ilipokata ndege, aliniambia: "Mwanangu, tupunguzieni siku, lakini asitoke mtu." Wakakubali, kwa maandishi, kuchukua likizo zao za mwaka kipindi hicho na kupokezana zamu.

Kikaoni nilitaka posho za wakuu zianze kukatwa kabla ya kugusa mshahara wa mtu wa chini. Hapo palikuwa pazito. Naamini kwa dhati kwamba anayepokea faida ya Agosti ndiye abebe hasara ya Aprili, si anayetandika kitanda. Posho zilikatwa, ingawa si zote.

Fomu ya kuachisha waliyotutumia ilitaja sheria ya Bara. Niliwaandikia kwamba mambo ya kazi si ya Muungano, hapa tunafuata Sheria ya Ajira Namba 11 ya mwaka 2005 ya Zanzibar, na mtu hatolewi bila taarifa na haki zake. Barua ile iliwatuliza kuliko hesabu zangu zote.

Orodha haikuandikwa. Hata hivyo wawili walikuwa na mikataba ya msimu iliyoisha mwezi wa nne, na ofisi kuu ilikataa kuiongeza. Mmoja ana watoto skuli. Nilichoweza ni kuhakikisha wamelipwa likizo walizobakisha, michango yao ya ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar, imeingia yote, na kila mmoja ameondoka na nakala mkononi. Wageni waliporudi Julai niliwaita wao kwanza. Mmoja amerudi jikoni, mwengine alikwishapata kazi Nungwi.